Kupinda Bomba Bila Kulidhoofisha

Tuchukue mfano wa nyumba iliyo katika miteremko ya Kilimanjaro, ambayo manyunyu yake ya kuogea yamewekwa kwenye kona ya bafu. Pande mbili zimekingwa na kuta. Pande mbili zilizobaki zahitaji pazia. Bomba la kutundikia pazia hilo sharti lishike ukuta mmoja, lije mbele sentimita 90, lipinde, kisha liende sentimita 90 nyingine hadi ukuta wa pili. Lakini maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Moshi huuza mabomba yaliyonyooka, kwa kawaida yenye urefu wa mita 6. Mwenye nyumba atafanyaje? Swali hili laonekana dogo, lakini jibu lake lina sayansi nyingi, na pia lina hatari mbili ambazo kila mwalimu na mwanafunzi yapasa azifahamu.

Kwa nini bomba, wala si nondo?

Watu wengi hudhani kuwa chuma kilichojaa ndicho imara zaidi. Hebu tulinganishe. Bomba la maji la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21.3, na unene wa ukuta wake ni kama milimita 2.65. Tukiyeyusha bomba hilo na kufua nondo ya urefu uleule, tutapata nondo yenye kipenyo cha milimita 14. Uzito ni ule ule, yaani kilo 1.2 hivi kwa kila mita. Sasa tuvibane vyote viwili ukutani kwa ncha moja, kila kimoja kitokeze mita 1, na tutundike kilo 5 kwenye ncha iliyo huru. Bomba litanepa milimita 12 hivi. Nondo itanepa zaidi ya milimita 42.

Sababu yake ni hii. Kitu kinapopindwa, upande mmoja huvutwa na upande wa pili hugandamizwa. Katikati kuna mstari usiovutwa wala kugandamizwa, na chuma kilicho karibu na mstari huo hakifanyi kazi kubwa. Bomba limekiondoa chuma hicho kivivu na kukipeleka pembeni, mahali penye kazi. Mwanzi, na hata kikonyo cha jani la mpapai, vimejengwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Bomba linapoharibika

Faida hiyo hudumu maadamu bomba limebaki la mviringo. Mtu akilipinda likiwa tupu, kwa mfano kwa kulikaza katikati ya mashina mawili ya miti, hubonyea na kuwa bapa palepale kwenye pembe. Ndivyo ufanyavyo mpira wa kumwagilia bustani unapokunjwa: hujikunja ghafula, na maji yakakatika.

Tuone kinachotokea. Tuseme tunapinda pembe mraba kwa tao lenye nusu kipenyo cha milimita 100, likipimwa katikati ya bomba. Urefu wa tao ni milimita 157. Lakini mgongo wa bomba, ulio nje ya tao, hauna budi kunyooka hadi milimita 174, na tumbo lake la ndani kusinyaa hadi milimita 140. Mgongo unaovutwa hutaka kupita njia fupi, hivyo hubonyea kuelekea ndani. Tumbo nalo hujikunja. Pasipo kitu cha kuvizuia, vyote viwili hukutana katikati.

Dawa yake ni ya kale: jaza bomba mchanga. Mchanga ulioshindiliwa haubonyei kwa urahisi, nao hulilazimisha bomba kubaki la mviringo.

Kazi ya mhunzi

Ufundi wa moto si mgeni mlimani. Zamani chuma kilichoyeyushwa Ugweno, katika Upare ya Kaskazini, kilipelekwa Uchagani kwa biashara, na wahunzi wa Mamba, karibu na Marangu, wakakifua kuwa mikuki na majembe kwa moto wa makaa na mivukuto ya ngozi. Moto wa namna hiyo watosha kwa kazi yetu.

Kwanza, pima. Mikono miwili ya sentimita 90 haihitaji bomba la sentimita 180, kwa kuwa tao hukata kona. Sehemu mbili zilizonyooka ni sentimita 80 kila moja, na tao ni sentimita 15.7, jumla ni sentimita 175.7. Tia alama mahali tao linapoanzia na linapoishia, na utengeneze kigezo cha waya cha kulinganishia.

Pili, chekecha mchanga laini na uukaange mpaka ukauke kabisa. Hapa ndipo penye hatari ya kwanza. Lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke huchukua nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Mchanga wenye unyevu ukifungiwa ndani ya bomba na kutiwa motoni waweza kulipasua au kurusha kizibo kama risasi. Ziba ncha zote mbili kwa vizibo vya mti, lakini toboa kitundu chembamba katika kimoja ili hewa ipate kutoka, na mtu yeyote asisimame mbele ya ncha hizo.

Tatu, tia motoni sehemu ya tao peke yake, mpaka iwe nyekundu kama tunda la kahawa lililoiva. Ipinde polepole ukifuata kigezo, kisha uiache ipoe yenyewe.

Hatari ya pili ni zinki. Mabomba mengi ya maji yamepakwa madini hayo yasishike kutu. Yakitiwa katika moto mkali hutoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupatwa na homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Kwa hiyo tumia bomba jeusi lisilopakwa zinki, na ulipake rangi ya kuzuia kutu baada ya kulipinda.

Kona iliyoning'inia

Hata likipindwa vizuri, bomba letu bado lina udhaifu: kona yake imening'inia hewani. Mzigo ukiwa hapo, kila mkono hupinda na pia husokoteka. Tiba si kununua bomba nene, bali kuitundika kona kwenye boriti ya dari kwa fito nyembamba ya chuma, na kutumia pete za pazia zenye mwanya ili ziipite fito hiyo. Sasa kila mkono umeshikwa pande zote mbili. Fimbo iliyoegemezwa ncha zote mbili, yenye mzigo katikati, hunepa mara 16 pungufu kuliko fimbo ya urefu huohuo iliyobanwa ncha moja na kubeba mzigo huohuo kwenye ncha ya pili. Hata hivyo, bomba la pazia si mshikio wa kumzuia mtu anayeteleza.

Jaribio la darasani

Bana rula ya mti ukingoni mwa meza itokeze sentimita 20. Tundika mzigo mdogo nchani na upime inavyonepa. Kisha itokeze sentimita 40, kwa mzigo uleule. Urefu umeongezeka mara 2. Je, kunepa kumeongezeka mara ngapi? Jibu likikaribia 8, mmegundua wenyewe kwa nini tegemeo moja lililowekwa mahali pake laweza kushinda kilo nyingi za chuma.