Stoll alichekwa, lakini jambo moja alilipatia

Februari 1995, Clifford Stoll aliandika katika jarida la Newsweek kwamba intaneti inasifiwa kupita kiasi. Hakuwa mgeni wa kompyuta. Mwaka 1986, akiwa maabara ya Lawrence Berkeley huko California, upungufu wa senti 75 katika hesabu ulimfanya afuatilie nyayo hadi akambaini mdukuzi wa Kijerumani aliyekuwa akiliuzia KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, siri za Marekani.

Stoll aliwabeza waliodai kwamba siku moja watu watanunua vitabu na magazeti kupitia intaneti. Julai mwaka huohuo, Amazon ikaanza kuuza vitabu. Tangu hapo makala yake imekuwa kichekesho.

Ukiisoma kwa utulivu, utakuta malalamiko matatu. La kwanza, habari hazipatikani: alitafuta tarehe ya mapigano ya Trafalgar, yakamjia mamia ya mafaili, akapoteza dakika 15 kuyapekua bila kupata jibu. La pili, hakuna njia ya kuaminika ya kutuma pesa kupitia intaneti. La tatu, hakuna mhariri. Kila mtu anapayuka, na mtu anabaki mpweke mbele ya skrini.

Mawili ya kwanza yalipata dawa. Google ilianzishwa 1998, na leo tarehe ya Trafalgar, 21 Oktoba 1805, unaipata kufumba na kufumbua. Pesa nazo zikapata njia. M-Pesa ilipoanzishwa Kenya Machi 2007, hata simu ya kitochi isiyo na intaneti ilitosha.

La tatu limebaki palepale, tena limeota mizizi. Sababu haihitaji mganga. Anayekutafutia habari anauza matangazo. Anayekutumia pesa anachukua makato. Anayezima uvumi hapati kitu, ilhali watu wakigombana mtandaoni hukaa muda mrefu zaidi, na matangazo yanaonekana zaidi.

Upande wa pili, wenye matumaini nao waliteleza. Februari 1996, akiwa Davos, Uswisi, mmoja wao, John Perry Barlow, alitoa tamko la kuziambia serikali kwamba hazina mamlaka katika ulimwengu wa mtandao. Alisahau kwamba mtandao unapita mikononi mwa kampuni zenye leseni, na leseni hutolewa na serikali hizohizo. Januari 2021, uchaguzi mkuu ukiwa umewadia, Uganda iliamuru intaneti izimwe, na ikazimwa.

Sasa ni zamu ya akili mnemba. Wapo wanaoahidi neema na wapo wanaotangaza kiama. Badala ya kubishana nani nabii wa kweli, tuchukue kila kasoro inayotajwa na kuuliza nani atalipwa akiirekebisha. Kama hayupo, tusisubiri soko liirekebishe. Tudai sheria mapema.