Kabla Hujanunua Kasha la Diski (4)

Septemba 26, 2025, moto uliwaka katika kituo cha serikali cha kuhifadhia data mjini Daejeon, Korea Kusini. Ulianzia kwenye betri za lithiamu. Hifadhi ya G-Drive, ambamo watumishi wa umma waliweka kazi zao, iliteketea na terabaiti 858. Nakala pembeni haikuwepo. Tangu hapo, kila msomaji anayeniuliza anunue kasha gani kwa kompyuta yake ya nyumbani namrudisha kwanza Berkeley, mwaka 1988.

Mwaka huo watafiti wa chuo kikuu cha huko, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko fupi ninalolipenda kuliko mengi marefu. Walilinganisha IBM 3380, jitu la megabaiti 7,500 lililokula wati 6,600, na vidiski vya Conner vya megabaiti 100, wati 10 kila kimoja. Kwa nini vidogo visiungane vikafanya kazi ya jitu? Ila walisema kweli: diski moja ilikadiriwa kudumu saa 30,000, kwa hiyo zikiwa 100 pamoja, moja itakufa kwa wastani ndani ya saa 300, hata wiki mbili hazifiki. Wauzaji wetu wangeificha hesabu hiyo. Hawa waliianika, kisha wakatafuta dawa.

Dawa yenyewe mtoto wa shule anaiweza. Diski ya kwanza ina 7, ya pili ina 5, ya tatu inatunza jumla, 12. Ya pili ikifa, 12 toa 7, umeipata 5 yako. Kompyuta hutumia shufwa na witiri badala ya jumla, na katika RAID 5, mmoja wa mipangilio ya RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, zamu ya kutunza huzungushwa kwa diski zote.

Lakini dawa hiyo si nakala ya pembeni: faili ukilifuta, limefutika kote. Radi nayo haichagui. Mimi iliniunguzia kasha na diski zake mbili kwa pigo moja, ikaondoka na sauti ya marehemu babu akisimulia safari zake. Nilikuwa nimeridhika kwamba ziko mbili. Ule ulikuwa uzembe, na sitaki uurudie.

Nyaya na kasi tulizimaliza katika sehemu zilizopita. Kwa nyumbani, diski mbili zinazoakisiana, yaani RAID 1, zinatosha: mbili za terabaiti 4 hukupa 4. Nne kwa RAID 5 hukupa 12. RAID 0, isiyotunza nakala wala jumla, isiguse picha za wanao. Hakikisha diski zitasomeka nje ya kasha hilo, maana saketi yake ikifa, diski nzima zaweza kugoma kwenye kasha la aina nyingine. Kama fedha haitoshi, punguza ukubwa wa kasha ununue diski moja ya ziada, uijaze, ikae kwa dada yako mtaa wa pili. Mwisho, bandika namba ya kila diski kwenye mlango wake. Moja ikifa usiku, ukachomoa nzima kwa kubahatisha, hata ile hesabu ya 12 toa 7 haitakusaidia.