Boriti, Kuni na Tope la Gazi

Upana wa chumba katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja haukuamuliwa na tajiri aliyejenga wala na fundi aliyekadiria, bali na mti uliosimama topeni. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari pamoja na sakafu ya ghorofa ya juu, na kwa kuwa hazihimili uzito wa mawe na chokaa zikilazwa juu ya nafasi pana, vyumba vya nyumba hizo vilirefuka kama ushoroba huku upana wake mara nyingi ukikomea kwenye mita 3 hivi. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi zikavushwa hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba ambako miti ya kujengea ni adimu, na huko nako vyumba vya kale vikarithi wembamba ule ule.

Biashara hiyo ilizaa msamiati wake. Mkataji wa Lamu hauzi miti tu: anauza fito, pau, mazio, boriti, nguzo au vigingi, kila jina likiwa ni kipimo cha unene na wakati huo huo ni habari ya matumizi, kwani fito hufungia ukuta wa udongo na nguzo hubeba paa. Mtu anayetaka kujua hali ya msitu wa bahari angeweza kuanza kwa kuuliza ni majina gani kati ya hayo bado yana bidhaa sokoni, maana nguzo zinapoadimika na fito zikajaa, ni dalili kwamba miti inakatwa kabla haijakomaa. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa miti hiyo nje ya nchi mwaka 1982, lakini mahitaji ya ndani, ya nyumba na ya jiko, hayakuondoka na majahazi.

Neno mikoko lina maana mbili, na kuzichanganya kumewaponza wengi. Kwa maana pana ni jamii yote ya miti inayoishi pale maji ya chumvi yanapojaa na kupwa. Kwa maana finyu mkoko ni aina moja tu, ile yenye mizizi iliyojipinda kutoka shinani kama magongo. Kenya ina aina tisa, zikiwemo mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, mlilana, muia na mkomafi, ingawa majina hubadilika kidogo kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Aina hizi hazikuchanganyika ovyo. Kwa kawaida mlilana hutangulia upande wa bahari na kustahimili mawimbi, mkoko hufuata penye tope laini linalofikiwa na maji kila siku, mkandaa hukaa juu zaidi, na mchu, ambao ni mgumu kuliko wote, huonekana hata katika ardhi ya nyuma inayofikiwa na maji ya bamvua peke yake na kuachwa na chumvi inayometameta juani.

Kila aina ina hila yake ya kuishi mahali ambapo mti wa kawaida ungekufa. Mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isiingie mwilini, ilhali mchu huiingiza kisha huitoa kupitia majani, kiasi kwamba anayelilamba jani lake hupata ladha ya munyu. Tatizo la pili ni hewa, kwa sababu tope lililolowa wakati wote halina oksijeni; kwa hiyo mchu huchomoza juu ya tope vipumulio vyembamba kama penseli, yaani mizizi inayokua kuelekea juu badala ya chini, na mkoko huvuta hewa kupitia vitundu vilivyomo katika magongo yake. Mbegu ya mkoko nayo huota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka kama kibiringo cha kijani, kisha ikadondoka na kujichomeka topeni au ikaelea hadi ufuo mwingine.

Ukosefu huo wa oksijeni, ambao kwa mti ni taabu, ndio unaowavutia wanasayansi wa tabianchi. Jani linapoanguka katika msitu wa nchi kavu, vijidudu huliozesha kwa msaada wa oksijeni na kaboni iliyokuwamo hurudi angani upesi ikiwa hewa ukaa, ile gesi inayozuia joto la dunia lisitoke. Topeni mambo huenda polepole. Vijidudu vinavyoweza kuishi humo hutumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, kazi yao ni ya kusuasua, na taka yake ni gesi yenye harufu ya yai viza ambayo kila aliyepita mikokoni maji yakiwa yamekupwa anaifahamu. Kwa hiyo harufu hiyo inayowakera wageni ni ushahidi kwamba majani, mizizi na magogo yanaoza kwa shida, na kwamba kaboni yake inabaki ardhini, wakati mwingine kwa mamia ya miaka, huku mchanga mpya ukiletwa na maji na kuifunika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopima misitu 25 ya mikoko katika eneo la Bahari ya Hindi na Pasifiki, ulipata wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa hekta moja, na sehemu kubwa ya shehena hiyo ilikuwa chini ya tope, haikuwa katika miti inayoonekana. Kaboni ya mikoko, ya nyasi bahari na ya vinamasi vya pwani ilikuwa tayari imepewa jina lake, kaboni ya buluu, katika ripoti ya mwaka 2009 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi. Jambo linalosahaulika ni upande wa pili wa hesabu: mikoko ikikatwa na tope likachimbuliwa au kukaushwa, oksijeni huingia, na akiba ya karne nyingi huanza kuondoka katika muda wa miaka michache tu.

Ghuba ya Gazi, katika kaunti ya Kwale kusini mwa Mombasa, ni mahali ambapo hesabu hiyo ilitolewa katika vitabu ikawekwa mbele ya wanakijiji. Katika miaka ya 1970 sehemu ya mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, ikiwemo kazi ya kuchoma chokaa na matofali, na nyuma yake ukabaki uwanda mtupu ambao haukujirudishia miti wenyewe. Mwaka 1991 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, kwa uongozi wa mtaalamu James Kairo na kwa mikono ya wenyeji, ilianza kupanda upya. Kupanda mikoko huonekana kazi rahisi, na picha za watu waliosimama topeni wakiwa na miche zimekuwa pambo la kila sherehe ya mazingira, lakini mche wa mkoko ukipandwa mahali pa mchu hukauka, na ukiwekwa chini mno huzama au husombwa na mawimbi. Mvuvi na mkataji boriti wanaojua maji ya bamvua yanafika wapi na maji mafu yanakomea wapi wanamzidi mgeni mwenye miche elfu moja na kamera.

Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 katika vijiji vya Gazi na Makongeni, ulijengwa juu ya kazi hiyo. Unalinda hekta 117, nyingi zikiwa msitu wa asili na hekta chache zikiwa miti iliyopandwa, na kila mwaka huuza hati za takribani tani 3,000 za hewa ukaa chini ya kanuni za Plan Vivo, taasisi ya Scotland inayothibitisha miradi ya aina hii. Mapato yake ni ya kadiri, lakini yameleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na matumizi huamuliwa katika mikutano ya vijiji. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye mfano wake ukaigwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, katika eneo lililo kubwa kuliko la Gazi. Wapo wanaohoji, na kwa haki, kama ni sawa kampuni ya Ulaya kuendelea kuchafua hewa kwa kununua usafi wa tope la Kwale. Swali hilo, hata hivyo, linamhusu mnunuzi zaidi ya muuzaji.

Sehemu ya mradi isiyosimuliwa sana ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi, nayo iko jikoni. Katika vijiji vya pwani ya Kenya mama karanga, yaani wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, kuwakaanga na kuwauza, huhitaji moto mkali usioyumba kwa saa nyingi, na kuni za mkoko, kwa kuwa ni nzito, hutoa moto wa namna hiyo hasa. Msitu ukifungwa bila kumpa mama karanga kuni nyingine, ukataji hausimami, unahamia mkono wa bahari wa jirani, na wataalamu wa kaboni huuita uhamaji huo uvujaji kwa sababu faida iliyohesabiwa hapa huvuja pale. Kwa hiyo Mikoko Pamoja ilipanda mivinje nchi kavu. Mvinje, ambao asili yake ni mashariki ya mbali na Australia, hukua haraka katika mchanga duni kwa sababu mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewa, na baada ya miaka michache tu hutoa kuni na miti ya kujengea.

Fundi wa nyumba za udongo, hata hivyo, haridhiki upesi. Boriti ya mkandaa imejaa tanini, ile dawa chungu ya gome ambayo watu wa pwani waliitumia tangu zamani kutia rangi, na mchwa huikwepa. Mti wa mvinje haukupewa kinga ya kiasi hicho, na nyumba iliyojengwa kwa huo huhitaji kutazamwa mara kwa mara. Hesabu za mradi ziliwekwa kwa miaka 20, nazo zitafika ukingoni mwaka 2033, wakati mikoko ya kwanza iliyopandwa Gazi itakuwa na umri wa miaka 42 na unene ambao mkataji wa Lamu angeupatia jina bila kuupima.