Stering Pia Hulia

Msee yeyote amekulia kwa chumba cha video anajua sheria ya kwanza: stering, yaani shujaa wa filamu, hafi. Maadui wanaanguka kushoto na kulia, yeye risasi zinampita tu. Lakini Itebero, huko Walikale nchini Kongo, kwa barabara ya Bukavu kwenda Kisangani, hiyo sheria ina uzito mwingine. Wasee wa huku wamekimbia risasi za ukweli. Wanajua nani hufa. Ndio maana mimi hii stori ya mastering na vichwa vyetu naichukulia siriasi, bana.

Tuanze na mazuri, juu ni mengi. Umetoka machimbo ama umebeba mizigo siku nzima, unalipa franka zako, unajibana kwa benchi na mabeshte, jenereta inanguruma huko nje. Mnapiga nduru pamoja, mnashtuka pamoja, na kichwa chenye kilikuwa kimejaa mastress kinapata nafasi ya kupumua. Hiyo ni dawa, na bei yake iko chini. Huko nyuma 1956, wasomi wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika venye mtu hujenga urafiki na sura ya kwa skrini hata kama hiyo sura haimjui. Kwa dogo mwenye vita ilimnyang'anya bro yake mkubwa, huyo rafiki si kitu kidogo. Anamwonyesha venye mtu husimama.

Shida iko kwa ile nusu ingine ya stering, yenye tunabeba kwenda nayo nyumbani.

Kongo imepitia hii ya kuiga stering kitambo. Miaka ya 1950, Kinshasa ikiwa bado Léopoldville, mambogi za mtaa zilishika filamu za makauboi zikajiita Bills, kutoka kwa Buffalo Bill. Kofia, skafu, hadi mwendo. Kulikuwa na heshima na udugu ndani yake, lakini kulikuwa pia na ngumi, na madem waliumizwa. Padri mmoja Mbelgiji, Jozef de Laet, hakuwakimbia hao Bills. Alikaa nao, wakampa jina Père Buffalo. Huyo mzee namheshimu sana.

Baadaye kauboi akaachia Rambo na Komando kiti. Na huku Kivu bunduki haikubaki kwa skrini: 1996, waasi wa AFDL walipoanza safari ya kwenda kuangusha Rais Mobutu, kadogo, yaani watoto, walibebeshwa silaha. Sasa chukua dogo ameambiwa na wapiganaji wa Mai-Mai ati dawa inageuza risasi kuwa maji. Jioni anaona jamaa kwa filamu risasi hazimgusi. Stori mbili zinashikana mkono, na yeye anaziamini zote.

Na mwenye alirudi hai kutoka vitani? Usiku usingizi hakuna. Mlango ukigongwa anaruka. Pombe kali ndio inamlaza. Ukimuuliza, anasema niko fiti, juu stering halalamikangi.

Skizeni. First Blood ya 1982, ile Rambo ya kwanza kabisa, watu hukumbuka kisu, msitu na polisi wakihangaishwa. Mwisho wake wengi wameusahau. John Rambo, soja wa vita ya Vietnam, anaanguka chini mbele ya koloneli wake, Trautman, na analia hadi maneno yanamkwama. Anaeleza venye beshte yake alilipuliwa na bomu lililofichwa kwa kisanduku cha kung'arisha viatu, venye alijaribu kumshikilia, venye hiyo siku inamrudia bado. Trautman anamsikiliza, anamkumbatia, halafu wanatoka nje pamoja. Yaani Sylvester Stallone na ile misuli yote alicheza mtu mwenye kiwewe! Miaka miwili tu kabla ya hapo, 1980, ndio madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wameuandika huo ugonjwa rasmi kwa kitabu chao.

Kwa hivyo nawaomba nyinyi ma-DJ wa kutafsiri, nyinyi mmefuata njia ya Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya. Hapo Rambo anavunjika, msijaze mbwembwe na msikate kipande. Tafsirini kila neno lake. Na wewe mwenye chumba, filamu ikiisha usikimbilie kuzima jenereta. Wacha mbogi ibaki ipige stori, na yule dogo hunyamazanga umuulize yeye aliona nini.