Siku Kumi za Danieli

Mavuno yakiisha hapa Ntimaru, jembe hupumzika na sahani hujaa. Hata sokoni twaenda kwa pikipiki. Kisha sisi wachungaji twaitwa usiku kumwombea aliyepooza upande mmoja kwa sababu ya presha.

Danieli hakuapa kwa maisha yote. Aliomba ajaribiwe siku 10 tu, kwa mboga na maji. Nasi tuanze vivyo hivyo: ugali wa wimbi, mboga nyingi, chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma. Anayetumia dawa asiziache. Siku ya kumi tujitazame, kisha tuendelee.

Ee Bwana, utupe kiasi. Amina.