Ordinatere inazimika yenyewe? Angalia kwanza ventilateri ya prosesa

Katika sekretaria nyingi za Goma, Bukavu na Butembo, kilio ni kimoja: ordinatere inawaka vizuri asubuhi, lakini saa sita, mwanafunzi akiwa anamalizia TFC yake, inazimika yenyewe. Watu wanafikiri ni umeme ao virusi. Mara mingi ni joto tu.

Prosesa, ile akili ya mashine, inatoa joto kila inapofanya kazi. Juu yake kunakaa kipande cha aluminiamu chenye ventilateri, ambacho kinatosha joto ile. Katikati yao kuna pati, mafuta mazito yanayosaidia joto kupita. Vumbi ikijaa, ao pati ikikauka, joto inabaki ndani. Prosesa nyingi zikikaribia digrii 100 zinapunguza mwendo, na joto ikizidi, mashine inajizima ili isiungue.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitu, safisha vumbi kwa burashi laini. Kama haisaidii, badilisha pati. Ikiwa ventilateri imechoka kabisa, ndipo utafute ingine.

Hapo ndipo wengi wanapoteza franka zao. Ventilateri zote hazilingane. Kwa Intel, matundu ya soketi LGA1200 yanaachana milimita 75. Ya LGA1700, milimita 78. Kwa macho ni sawasawa, lakini visi haziingie. AMD nayo iko na mpango wake. Tena, mashine za mitumba za biro mara zingine ziko na matundu na plagi zao zenyewe. Soma jina la soketi, pima matundu, pima na urefu ili sanduku liweze kufungika. Ukienda sokoni, beba ile ya zamani.

Siku ya kazi, acha mashine itembee dakika chache ili pati ilainike, kisha izime na utoshe kabo ya umeme. Fungua visi, zungusha kipande polepole kushoto na kuume. Usivute kwa nguvu: kwa AMD za soketi AM4, prosesa inaweza kutoka nayo na miguu yake midogo ikapinda.

Pangusa pati ya zamani kwa alkoli ya farmasia na kitambaa kisichoacha nyuzi. Ngoja ikauke. Ventilateri nzito inakuja na bamba la kuwekwa nyuma ya kadi kubwa, ile mafundi wanaita kartimeri. Kwa hiyo mara nyingi lazima kadi hiyo itoke kwanza ndani ya sanduku.

Tosha plastiki iliyo chini ya kipande kipya, wengi wanaisahau. Weka pati kidogo katikati ya prosesa, kama punje ya mchele. Kaza visi kwa msalaba, mizunguko miwili-miwili, juu ukikaza upande mumoja, kipande kinaegemea na kadi inaweza kupasuka. Mwishoni, chomeka waya mahali palipoandikwa CPU_FAN.

Washa, ingia ndani ya BIOS, angalia digrii. Zikitulia, kazi imeisha. Zikipanda mbio kuelekea 90, zima mara moja: vyuma havigusane vizuri. Kurudilia kazi ile ni saa moja. Kununua kadi ingine ni mapato ya sekretaria ya siku nyingi.