Kalamashaka: Sauti ya Dandora katika Ushairi wa Kiswahili

Mtaa wa Dandora ulianza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, ili wakazi wa Nairobi wenye kipato cha chini wapate viwanja na kujijengea nyumba. Kando yake kuna jaa kuu la taka za jiji. Katika mtaa huu wa Eastlands, mnamo miaka ya 1990, vijana watatu, Kama, Johny na Oteraw, waliunda kundi la Kalamashaka.

Wakati huo wasanii wengi wa rapu nchini Kenya walipendelea Kiingereza. Kalamashaka walichagua Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, lugha ya vijana wa mitaa hiyo. Wimbo wao "Tafsiri Hii", uliovuma mwishoni mwa muongo huo, ulisawiri ufukara na hatari za maisha ya Dandora. Anwani yake ni amri: msikilizaji anatakiwa kuyafasiri maisha ambayo jiji halikutaka kuyatazama. Albamu yao "Ni Wakati" ilifuata mwaka 2001.

Aidha, kundi hili liliwavuta vijana wengine, na hatimaye ukaundwa muungano wa Ukoo Flani Mau Mau, uliowakutanisha wasanii wa Nairobi na Mombasa. Mwaka 2004 ilitoka albamu ya "Kilio cha Haki". Mwanafunzi wa fasihi atakumbuka mara moja tamthilia ya Alamin Mazrui ya mwaka 1981 yenye anwani iyo hiyo, inayohusu wafanyakazi wanaopigania haki zao katika shamba la mlowezi.

Je, tungo hizi ni ushairi? Wapo wanaosita kwa kuwa hazifuati mizani, na kwa kuwa Sheng hudhaniwa kuharibu lugha. Hata hivyo, vina vimo, takriri imo, kibwagizo kimo. Mizani imepokewa na mapigo ya ngoma. Mashairi ya Kezilahabi katika *Kichomi* (1974) nayo yalipingwa yalipoziacha kanuni za mapokeo, lakini leo yanafundishwa vyuoni.

Fauka ya hayo, msamiati wa Sheng hubadilika upesi. Neno lililoeleweka na kila kijana wa Dandora mwaka 1998 huenda likamshinda mdogo wake leo. Tungo zisiponukuliwa na kufafanuliwa wakati watunzi na wasikilizaji wao wa kwanza wangali hai, sauti itabaki kwenye kanda ila maana itapotea. Amri ile ya Kalamashaka, basi, inamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili: tafsiri hii.